Nawezaje kumshuhudia mwenzangu bila kumdharau?

Ndugu Msafiri:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina mwenzangu kazini ambaye hamwamini Kristo, naye ameniambia wazi kwamba kinachomkera ni namna Wakristo wanavyozungumza naye: wanamjia na majibu kabla hajauliza lolote, na akisita wanamhesabu kuwa mtu wa moyo mgumu. Juma lililopita aliniuliza mwenyewe kwa nini ninasali, nikamjibu kwa ufupi, akasema angependa tuzungumze zaidi. Ninataka kumweleza Injili yote, pamoja na dhambi na toba, bila kumficha jambo. Hata hivyo mzee mmoja wa kanisa ameniambia kuwa upole ukizidi ni kuionea haya Injili. Je, inawezekana kusema kweli yote bila kumdharau anayesikiliza?

Mama Tumaini:
Mwanangu, liko andiko ambalo wengi hulinukuu nusu. Tunasema "mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu", tunaishia hapo, ilhali 1 Petro 3:15 inaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu". Petro aliwaandikia watu waliosingiziwa na kuteswa, waliokuwa na kila sababu ya kujibu kwa ukali, na bado akawaagiza hivyo. Angalia pia kwamba anazungumzia kumjibu aliyeuliza. Mwenzako ameuliza habari za sala. Mjibu hilo kwanza, hata kama una mahubiri mazima yanayokusukuma kifuani.

Nitakueleza nililoliona. Dada mmoja ambaye hakuwa mwamini alifiwa na mumewe. Mgeni wa kwanza kutoka kanisani aliketi, akafungua Biblia, akaanza kumweleza kwamba msiba ule ni sauti ya Mungu inayomwita. Yule dada alitazama sakafu mpaka mgeni akaondoka. Wa pili alikuja akaosha vyombo, akawaogesha watoto, na wakati wa kuaga akauliza, "Utaniruhusu niombe?" Aliomba kwa maneno machache, akimtaja marehemu kwa jina lake. Baadaye, yule dada alipotaka kujua Wakristo wanaamini nini kuhusu ufufuo, alimtafuta huyo wa pili. Sisemi kwamba kuosha vyombo kunatosha, kwa maana hatimaye alihitaji kuambiwa habari za Kristo, na aliambiwa.

Mlinzi wa Lango:
Ninayaheshimu maneno ya Mama, lakini naye mzee asipuuzwe. Stefano aliwaambia wasikilizaji wake kuwa wana shingo gumu (Matendo 7:51), na Paulo alimkemea Elima yule mchawi mbele ya liwali. Siku hizi kuna ushuhuda ambao mtu anaweza kuusikiliza muda mrefu asijue kwamba anaitwa kutubu, na mimi ninauita huo woga. Tunampenda mtu vipi tukimnyima habari inayomhusu kuliko zote?

Mwalimu Barnaba:
Ndugu Mlinzi, hofu yako ni ya haki, ila tutazame maneno hayo makali yaliwaangukia akina nani. Stefano alisema na baraza la viongozi wa dini walioyajua Maandiko, kisha akafa akiwaombea wasihesabiwe dhambi hiyo. Elima alikuwa akijitahidi kumzuia liwali asiamini. Kule Athene, kwa watu wasiojua torati wala manabii, Paulo alikwenda kwa namna nyingine. Moyoni alichukizwa na sanamu zilizoujaza mji, lakini aliposimama Areopago, mahali pa baraza la mji huo, alianza na madhabahu yao wenyewe, akawanukuu washairi wao, halafu akafika kwenye toba, hukumu na ufufuo bila kupunguza neno. Wengine walidhihaki, wengine walisema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, wakiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Paulo akatoka, wala hatusomi kwamba aliwafuata waliodhihaki.

Kwa hiyo, ndugu Msafiri, usipunguze ujumbe; jichunguze umesimama wapi unapousema. Mgonjwa aliyepona hamwelezi mgonjwa mwenzake habari za dawa kwa sauti ya tabibu. Paulo alipoandika kwamba Kristo alikuja kuwaokoa wenye dhambi, alijitaja kuwa wa kwanza wao (1 Timotheo 1:15). Mwenzako akisikia neno dhambi kutoka kwa mtu aliyejiweka ndani ya neno hilo, huenda likamchoma, lakini hatasema umemdharau.

Ndugu Msafiri:
Nimeelewa, nawashukuru sana. Je, akiniuliza jambo nisiloweza kulijibu, kama vile mateso ya watoto wasio na hatia?

Mama Tumaini:
Mwambie kwamba hujui, na usikimbilie kuziba kimya hicho kwa aya. Kisha mwulize kama angependa msome pamoja Injili ya Marko, sura moja kila mnapokutana, yeye akitangulia kuuliza. Mtakapofika sura ya 10 mtamkuta yule tajiri ambaye Yesu alimpenda, akamwambia neno zito, na alipoondoka kwa huzuni hakumbembeleza kwa kulilegeza neno lile. Ikitokea mwenzako akasema imetosha, funga kitabu bila kununa, na kesho yake umsalimie na kufanya naye kazi kama kawaida.