Alama za ukaguzi zinapanda, wodi ya wazazi iko palepale: tuanzie wapi?

Timu_ya_Ubora: Wakuu, habari za kazi. Nipo kwenye timu ya uboreshaji huduma ya kituo cha afya cha serikali hapa Dar. Kila robo mwaka timu ya halmashauri inakuja kwa usimamizi shirikishi, tunapewa alama, na alama zinapanda. 5S (utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi) ipo, rafu zina lebo. Lakini patografu, yaani chati za kufuatilia uchungu, zinajazwa mama akishajifungua, na rufaa za kwenda hospitali ya mkoa zinachelewa. Tuanzie wapi ili huduma yenyewe ibadilike?

Mkunga_Mwandamizi: Anzeni na patografu. Rufaa nyingi huchelewa kwa sababu hakuna aliyeona kwamba uchungu umevuka mstari wa tahadhari, ule wa kwenye chati unaoonyesha kuwa njia inafunguka polepole kuliko inavyotarajiwa.

Cheklisti ya usimamizi inauliza kama fomu zipo. Zipo, alama imepatikana. Swali linalomsaidia mama ni kama mapigo ya moyo ya mtoto yalisikilizwa kila nusu saa. Chukueni MTUHA kitabu cha 12, rejesta ya wanaojifungua, cha mwezi uliopita. Kama waliojifungua ni 200, chagueni mmoja katika kila kumi, mtoe majalada hayo 20. Angalieni mapigo ya mtoto, mapigo ya mama na uchungu kila dakika 30, kufunguka kwa njia na shinikizo la damu kila saa 4. Patografu iliyojazwa baadaye inajulikana tu: wino mmoja mwanzo mpaka mwisho, mapigo 140, 140, 140, na kila kipimo kimeangukia saa kamili au nusu kamili. Linganisheni pia saa ya kujifungua na ile iliyoandikwa kitabuni.

Mkishapata jibu, msimwite mtu kumhoji. Ichunguzeni kazi. Mara nyingi mtakuta fomu zinakaa droo ya ofisini, fetoskopu (kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto) ni moja kwa vitanda vinne, saa ya ukutani haionekani ukiwa kitandani kwa mama, na usiku mkunga ni mmoja mwenye akina mama watatu kwenye uchungu. Matatu ya kwanza mnayamaliza wenyewe. La nne ni la Mganga Mkuu wa halmashauri, limfikie kwa maandishi pamoja na takwimu zenu.

Mkiwa humo humo, fungueni friji. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi, inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, lakini vichupa hushinda kwenye troli, na joto la Dar la Februari mnalijua. Uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa hazimsaidii mama kama dawa imeshapoteza nguvu. Anatokwa damu, na lawama inamwangukia mkunga aliyefuata kila hatua. Toeni dozi za zamu moja tu, ziwe kwenye kibebeo chenye barafu, na joto la friji liandikwe asubuhi na jioni.

Mdau_Halmashauri: Nakubaliana na Mkunga, ila cheklisti msiidharau. Tathmini ya nyota (ya kupanga vituo kwa ubora) ya 2015/16 na ile ya 2017/18 zilivisukuma vituo vingi kushughulikia maji, vyoo, taka na dawa, na bila hivyo hakuna huduma salama. Tatizo ninaloliona ni kitabu cha usimamizi, kile timu ya halmashauri inachoandikia kituoni. Mapendekezo yanaandikwa, timu inaondoka, na robo inayofuata wanakuja wengine wanaofungua ukurasa mpya. Mganga mfawidhi aombe kikao kianzie ukurasa wa mwisho: tulikubaliana nini, nani alipewa, kimefanyika au hakijafanyika, na kwa nini.

Kuhusu saa na fetoskopu, msisubiri halmashauri iwanunulie. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba kifaa hakikuwekwa kwenye mpango wa mwaka. Itisheni kamati ya usimamizi ya kituo, muhtasari usainiwe, kisha muombe kibali cha kuhamisha fedha kutoka kifungu kingine.

Timu_ya_Ubora: Asanteni sana. Sasa tutajuaje kama mabadiliko ni ya kweli na si bahati ya wiki moja?

Mtakwimu_wa_Afya: Pima kila wiki, usisubiri robo. Chukua majalada 10, hesabu yaliyojazwa sawasawa, weka nukta kwenye grafu ya mkono iliyobandikwa wodini. Ukishapata nukta kama 10, chora mstari wa kati, nusu ya nukta ziwe juu yake na nusu chini. Nukta sita mfululizo zikikaa juu ya mstari huo, kuna kitu kimebadilika kweli. Moja ikipanda na nyingine ikashuka, hayo ni mawimbi ya kawaida, msiitishe kikao kwa ajili yake.

Ila namba hiyo isitumike kumwadhibu mtu. Siku itakapotumika hivyo, patografu zitapendeza zote na hamtajua tena kinachoendelea.

Kwa rufaa, andikeni saa nne tofauti: uamuzi ulipofanyika, simu ilipopigwa 115 kuomba usafiri wa dharura, gari lilipofika, na lilipoondoka na mama. Ukiandika "ilichelewa" peke yake, kila mtu atalaumu foleni ya barabarani. Saa hizo nne zinaonyesha kama muda ulipotea barabarani au ulipotea wodini, mkisubiri daktari aje kusaini fomu ya rufaa. Kama ni saini, kubalianeni na mfawidhi kwamba mkunga wa zamu apige simu kwanza, fomu ijazwe gari likiwa njiani.