Ushauri wa haraka: CBR600F kongwe, nataka kuivua makava iwe stritifaita

Kijana wa Bububu
Assalamu alaykum wadau. Nina pikipiki ya Honda CBR600F, kadi imeandikwa 1996. Injini nzima, kabureta zote nne zimesafishwa, asubuhi inawaka bila taabu. Makava ndiyo yamekwisha, vipande vitupu, na kuagiza seti nzima hadi ifike bandari ya Malindi hapa Unguja ni pesa nyingi mno. Nimeamua kuifanya stritifaita, yaani kuiacha wazi bila makava: usukani mpana wa juu, taa moja ya duara. Maswali yangu mawili tu: usukani gani utakaa bila kugusa tanki, na taa gani? Naomba majibu mapema, fundi wa kuchonga ananisubiri na roho haijatulia.

Spana Kumi na Mbili
Wa alaykum salaam. Chukua usukani wa bomba la mm 22, swichi za Honda yako zitaingia bila kuchongwa. Shida ni pa kuufunga. Pikipiki hii ilitoka kiwandani na mikono miwili mifupi inayobana shokapu za mbele, kwa hiyo sahani ya juu inayoshika shokapu hizo haina mashimo ya vishikizo vya usukani. Wengi hutoboa mashimo mawili ya mm 10 wakamaliza. Igeuze uitazame kwa chini kwanza: ina mbavu, na kati ya mbavu ni nyembamba. Ukitoboa penye wembamba, ufa unaanzia hapo, na hutauona mpaka siku unapofunga breki kwa nguvu. Weka chini yake kipande cha alumini cha mm 10 kilale bapa juu ya mbavu. Bora zaidi, chongesha sahani mpya nzima kwa alumini ya 6082-T6.

Kabla ya kukaza, peleka usukani mwisho kushoto na mwisho kulia. Kati ya ngumi yako na tanki ibaki angalau sm 2. Usukani ukipanda, waya wa klachi, waya wa mafuta na mpira wa breki vyote vinakuwa vifupi. Pima mpira wa breki tairi la mbele likiwa linaning'inia hewani na usukani umekatwa mpaka mwisho, maana hapo ndipo unapovutika kuliko popote. Bolti za mpira wa breki za Honda ni M10 yenye uzi wa 1.25. Ukiuziwa za 1.0 zitaingia mizunguko miwili kisha zitakula uzi wa kaliper. Washa za shaba ziwe mpya kila upande.

Maalim wa Wete
Mimi nitasema la ekzosi, kwani najua ndilo linalofuata. Vijana wakishavua makava hukata na bomba. Kabureta hizi zimepimwa kwa bomba lake na boksi lake la hewa. Ukifungua vyote viwili bila kubadilisha jeti, yaani vitundu vinavyopimia petroli, mchanganyiko unakosa petroli, injini inachemka na vali za kutolea moshi zinaungua. Na mitaa yetu ni myembamba, kuna wagonjwa na watoto wamelala. Mtu anarudi nyumbani saa sita usiku na bomba wazi, huo si uungwana hata kidogo.

Kijana wa Bububu
Maalim, shikamoo. Ekzosi siigusi. Ila taa bado hamjanijibu.

Waya Mwekundu
Taa ya H4, wati 60/55. Hakikisha kioo chake ni cha nchi zinazoendesha kushoto kama sisi, kioo cha Uingereza au Japani. Cha Ufaransa au Ujerumani kinamwaga mwanga wa taa ya chini upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Mabano yawe ya kubana shokapu za mm 41.

Usikate soketi za nyuma ya taa. Rangi za Honda: kijani ni ardhi, nyeupe ni taa ya chini, bluu iliyokoza ni taa ya juu, chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu ya maji ni ya kulia. Ukitia indiketa za LED zitapepesa haraka haraka, kwa sababu rilei ya zamani, ile inayowasha na kuzima indiketa, inasubiri balbu ya wati 21. Weka rilei ya kielektroniki, achana na kupachika rezista zinazopata moto juu ya plastiki.

Waya zote zilizokuwa zimejificha ndani ya kava sasa zitakula upepo wa bahari. Kwetu hapa chumvi haichagui. Kila ungio lichomelewe kwa risasi, livishwe mpira wa kusinyaa kwa moto, na soketi zipakwe grisi ya umeme. Ukizungusha selotepu ya waya peke yake, utarudi kuifungua ukute unga wa kijani.

Bi Mkubwa wa Gereji
Mwanangu, hapa watu wanakujibu na hujaulizwa la maana. Makava yalivunjikaje? Kwenye shingo ya fremu kuna vinundu viwili vinavyouzuia usukani usizidi kukata. Vyote vipo?

Kijana wa Bububu
Makava ni ya zamani tu, plastiki imekauka kwa jua.

Bi Mkubwa wa Gereji
Jua linapasua plastiki. Vinundu jua haliving'oi. Nimeuliza vipo?

Kijana wa Bububu
Cha kushoto hakipo. Aliyeniuzia alisema iligonga ukuta kidogo mbele, mwendo mdogo. Lakini inakwenda sawa, haivuti upande. Na fremu ya nyuma nimeshaikata sm 20 ili mkia uwe mfupi, na sahani ya juu nimeshampa fundi atoboe. Siwezi kurudi nyuma sasa. Kwa nini mnaifanya kubwa, watu wangapi wanaendesha hivi hivi?

Bi Mkubwa wa Gereji
Mpigie fundi asitoboe. Kinundu hakikatiki kwa ukuta mdogo. Mpaka kiondoke, usukani umepigwa ukaenda mwisho na ukaendelea, na nguvu hiyo imepita kwenye shokapu, sahani zote mbili na shingo ya fremu. Kinundu hicho ndicho kilichokuwa kinazuia shokapu zisigonge tanki. Ukifunga usukani mpana bila kinundu, siku moja unageuza kwenye kona ya Darajani, mkono unabanwa kwenye tanki na pikipiki inazidi kukata.

Fanya hivi. Nyanyua mbele, zungusha usukani taratibu. Ukikwama katikati kama umeingia kwenye tundu, beringi zimepigwa. Kagua rangi chini ya shingo panapoungana na bomba kuu. Rangi iliyokunjamana ni chuma kilichokunjamana. Kisha toa shokapu, ziviringishe juu ya kioo kizito. Ikipita mwanga chini ya bomba likizunguka, limepinda.

Spana Kumi na Mbili
Na huko nyuma ulikokata, rektifaya, ile inayodhibiti chaji ya betri, umeihamishia wapi? Ukiificha ndani ya mkia mfupi usio na hewa itakufa. Injini ikizunguka elfu tano, betri isome kati ya volti 13.5 na 15. Halafu toa bolti ya shokapu ya nyuma, unyanyue tairi mpaka mwisho wa safari yake, uone kama halifiki kwenye mkia. Kwa fremu iliyokatwa hivyo usipakie mtu nyuma.

Mpima Maneno
Samahani wadau, mnapoteza muda. CBR600F ya 1996 ina mirija miwili ya hewa inayotoka kwenye kava la mbele hadi boksi la hewa. Mtu anayeivua makava angekuja kuuliza mirija hiyo aifanyeje kabla ya taa. Huyu hajaitaja. Ama pikipiki haipo, ama anasimulia ya mtu mwingine.

Kijana wa Bububu
Wallahi ipo, iko hapa uani. Mirija sijaiona mimi. Hakuna.

Mpima Maneno
Basi soma namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Herufi za mwanzo tu, usiandike namba nzima humu.

Kijana wa Bububu
JH2PC25.

Waya Mwekundu
Basi hakudanganya. PC25 ni toleo la 1991 hadi 1994, halina mirija. La 1995 hadi 1998 ni PC31. Huo mwaka wa kadi ni wa kuandikishwa, haukuwa wa kutengenezwa. Na ndugu, shukuru umeulizwa, maana ungeagiza spea za 1996 zikafika za PC31.

Mpima Maneno
Naomba radhi, nimekubali. Basi kadi hiyo uipeleke ukaulize kuhusu mwaka kabla hujabadilisha umbo, na fundi asisogeze mashine ya kusaga karibu na namba hiyo wakati wa kuchomelea kinundu.

Kijana wa Bububu
Nimetoa shokapu. Zote zinaviringika sawa. Nimezirudisha, nikaweka kipande cha kioo mbele juu ya mabomba mawili, kati ya sahani ya juu na ya chini, na kinacheza pembe kwa pembe. Sahani sijaitoboa, nimeirudisha nyumbani. Sasa hiyo kucheza ni kitu gani?

Bi Mkubwa wa Gereji
Ahsante kwa kusikia. Huenda sahani zimeteleza tu. Legeza bolti zote za kubana na nati kubwa ya juu, zipindue kwa mkono hadi kioo kilale, kisha kaza ya chini kwanza. Kikilala na kikabaki kimelala, shukuru Mungu, mtafute mchomeleaji wa kinundu: fremu hii ni chuma, inapokea moto vizuri, ila utoe betri kwanza. Kikirudi kucheza baada ya kukaza, sahani ya chini na shina lake vimepinda. Usiinyooshe kwa nyundo. Tafuta ya PC25 iliyotumika, na beringi mpya za usukani uzibadilishe hapo hapo.

Kijana wa Bububu
Nalegeza sasa hivi. Kioo nakiacha hapo hapo.