Wikiendi ya watu wawili: Lonavala, Mahabaleshwar au Kalsubai?

Kange_Mjini (Jumatatu, saa 2:40 usiku)
Wakuu, salamu. Mimi na mke wangu tuko India kimasomo na tumechoka kukaa ndani. Tunataka kutoka Jumamosi, turudi Jumapili, tuone milima na maji, tuvute hewa safi. Tumebaki na sehemu tatu: Lonavala, Mahabaleshwar, au kupanda mlima Kalsubai. Kwa mliokwisha kufika, ipi inafaa zaidi? Nataka kukata tiketi wiki hii hii.

Mzizima77 (saa 2:58 usiku)
Salama mkuu. Swali zuri ila habari yenyewe umetupa nusu. Mnakaa mji gani? Hizo sehemu zote ziko jimbo la Maharashtra, lakini aliyeko Mumbai na aliyeko Nagpur hawapewi jibu moja. Mwezi gani? Usafiri mnao? Mfuko unasemaje?

Daktari_Mtarajiwa (saa 3:05 usiku)
Na uongeze hili: cheti cha ndoa mnacho hapo mlipo? Siulizi kwa ubaya. Zipo nyumba za wageni zinazotaka kukiona kabla ya kuwapa chumba kimoja.

Kange_Mjini (saa 3:31 usiku)
Tuko Pune. Tunataka kwenda mwisho wa Julai, mke wangu akimaliza mitihani. Gari hatuna, nafikiria kukodi pikipiki, leseni ya Tanzania ninayo. Bajeti rupia 8,000 kwa wote wawili, kulala na kula humo humo. Nakala ya cheti cha ndoa iko kwenye simu.

Chapa_Lapa (saa 3:50 usiku)
Kwa mtu wa Pune, mwezi wa saba, bila gari: Lonavala, usisumbuke kutafuta kwingine. Panda treni ya kawaida ya Pune hadi Lonavala, nauli yake haifiki hata bei ya chai mbili za hotelini. Ila usiende mpaka Lonavala kwenyewe. Shuka Malavli, kituo cha kabla yake. Tembeeni hadi Bhaja mkaone mapango ya Wabudha yaliyochongwa kwenye mwamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwezi huo maji yanamwagika hadi mlangoni. Kutoka hapo mnapanda ngome ya Lohagad. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, mageti makubwa yanafuatana, na juu kabisa kuna ukingo mwembamba wa mwamba uliojinyoosha angani, wenyewe wanauita Vinchu Kata, yaani mkia wa nge. Lohagad ni moja ya ngome 12 za Wamaratha, watawala wa zamani wa huku, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2025. Jioni mnunulie shemeji chikki, ni kashata za karanga na sukari guru, mnarudi Pune kulala kwenu. Hela ya hoteli imebaki mfukoni.

Nyali_Pwani (saa 4:12 usiku)
Chapa, mbona humwambii ukweli wote? Lonavala wikiendi ya mvua, Mumbai nzima na Pune nzima wako huko. Barabara hazisongi, na ngazi za Lohagad mtu anasimama kwenye foleni katikati ya mlima. Halafu tarehe 30 Juni 2024 watu watano wa familia moja walichukuliwa na maji karibu na bwawa la Bhushi, watoto wakiwemo. Walikuwa wamesimama kwenye mwamba wakicheza, maji yakapanda ghafla. Baada ya hapo wilaya iliweka amri za kuzuia watu kuingia kwenye maporomoko. Ndugu yangu Kange, ukienda, maji yaangalie kwa mbali. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani ambako hata hukuoni, na hapo ulipo pakavu.

Chapa_Lapa (saa 4:20 usiku)
Bhushi sikuitaja mimi. Nimesema Bhaja na Lohagad. Na foleni dawa yake ni treni ya alfajiri, saa mbili asubuhi mko juu.

BintiPangani (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)
Naomba muache kidogo habari za milima, kuna jambo hamjamwambia na ndilo litakaloharibu safari yake: kulala. Mgeni yeyote wa nje akilala hotelini India, mwenye hoteli lazima ajaze Fomu C na kuituma kwa ofisi ya uhamiaji ndani ya saa 24. Hoteli ndogo nyingi za vilimani hazijajisajili kwa kazi hiyo, kwa hiyo wakiona pasipoti ya nje wanakukatalia.

Sisi yalitupata upande wa Satara, tulikokwenda kuona maua ya uwanda wa Kaas. Chumba tulikata kwenye programu ya simu, hela ikakatwa, ujumbe wa kuthibitisha ukaja. Tukafika jioni, mvua inapiga, nguo zimelowa mpaka ndani. Kijana wa mapokezi akafungua pasipoti, akaifunga, akasema hawapokei wageni wa nje. Mume wangu akamwonyesha risiti. Akasema risiti ni ya programu, si ya kwake. Tukaomba tumpigie tajiri wake, tajiri hakupokea. Nyumba ya pili wakasema hivyo hivyo. Ya tatu mama mwenye nyumba alituonea huruma, akatupa taulo na chai ya tangawizi, lakini naye akasema polisi wakija kukagua ni yeye atakayefungiwa. Sikumlaumu. Giza limeingia, dereva wa bajaji akataka mara tatu ya nauli ya mchana, tukampa. Akatushusha stendi ya mabasi, tukakaa kwenye benchi la saruji hadi basi la kurudi Pune likapatikana. Mimi nilitetemeka njia nzima, na wiki iliyofuata nilishinda kitandani na homa. Hela ya chumba ilirudishwa baada ya kubishana sana.

Kwa hiyo Kange, kabla ya kulipa piga simu hotelini kwenyewe, uliza kwa maneno haya haya: mnajaza Fomu C? Wakisita, achana nao. Mbebe pasipoti zenyewe na kibali cha ukaazi, nakala ya simu haitoshi.

Kange_Mjini (saa 1:40 asubuhi)
Pole sana dada. Hilo sikulijua kabisa, na mke wangu amelisoma mara mbili. Asante.

Mzizima77 (saa 2:05 asubuhi)
Ushauri wa BintiPangani ni dhahabu. Sasa pikipiki. Leseni ya Tanzania peke yake usiitegemee, tafuta kibali cha kimataifa cha udereva. Pikipiki halali ya kukodi ina kibao cheusi chenye maandishi ya njano. Ukipewa yenye kibao cheupe, hiyo ni ya mtu binafsi, na ikitokea ajali bima haikutambui. Na barabara kuu ya kasi ya Mumbai hadi Pune pikipiki hairuhusiwi, utapita ile ya zamani. Kwa mvua ya Julai, ukiwa na mke nyuma, mimi nasema panda treni.

Mtoto_wa_Lushoto (saa 2:30 asubuhi)
Mbona Mahabaleshwar hamuisemei? Mji uko kwenye mita 1,350 hivi, misitu, baridi, mabasi ya serikali yanatoka stendi ya Swargate hapo hapo Pune. Njiani mnapita Panchgani. Karibu yake kuna ngome ya Pratapgad. Kwa wapendanao hakuna pazuri zaidi.

Nyali_Pwani (saa 2:44 asubuhi)
Kwa Desemba nakubali, stroberi nazo zimeanza. Julai? Mahabaleshwar hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka Julai na Agosti. Atafika Arthur's Seat, pale pa kutazamia mabonde, aone ukungu mweupe tu, arudi chumbani.

Mtoto_wa_Lushoto (saa 2:51 asubuhi)
Ukungu nao ni uzuri wake. Sisi tuliokulia milimani tunaujua.

Daktari_Mtarajiwa (saa 7:10 mchana)
Kalsubai nimeipanda. Mita 1,646, ndiyo kilele cha juu kuliko vyote Maharashtra, na juu kuna hekalu dogo. Njia inaanzia kijiji cha Bari, na sehemu zenye mwamba mkali wameweka ngazi za chuma. Ngazi hizo zikilowa zinateleza, na wikiendi kuna watu juu yako na chini yako. Kutoka Pune treni ya kukufikisha hakuna, ni mabasi ya kubadilisha Sangamner na Akole, siku inaishia njiani. Iache hadi mvua zipungue, Septemba mwishoni, maua yamejaa njia nzima. Kama shemeji si mzoefu wa kupanda, anzeni na Sinhagad hapo jirani, kama kilomita 30 kutoka Pune. Juu akina mama wanauza mikate ya mtama na pithla, mchuzi mzito wa unga wa dengu, na mtindi kwenye vyungu vya udongo.

Msomi_wa_Deccan (saa 12:20 jioni)
Jamani, mnamzungusha mtu kwenye mvua wakati kuna Ellora, mapango na mahekalu ya kale yaliyochongwa mwambani. Basi la usiku la vitanda Ijumaa, asubuhi mko Aurangabad, siku hizi rasmi Chhatrapati Sambhajinagar. Mvua kule ni ndogo kuliko huku milimani, inatosha tu kuotesha majani. Hekalu la Kailasa, pango namba 16, lilichongwa karne ya 8 kutoka juu kwenda chini katika mwamba mmoja. Ukisimama uani ukaangalia juu, unakosa la kusema. Ellora hufungwa Jumanne, na Ajanta, mapango mengine ya kale upande huo huo, Jumatatu, kwa hiyo wikiendi hakuna shida. Kiingilio cha wageni wa nje ni rupia 600 kwa mtu, Wahindi 40, hilo lipigieni hesabu.

Na kuna jambo linalotugusa sisi Waafrika. Mji ule uliasisiwa mwaka 1610, wakati huo ukiitwa Khadki, na Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani, akapita Baghdad, akaishia kuwa waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar na kumsumbua mfalme Jahangir wa Mughal kwa miaka mingi. Alifariki 1626. Kaburi lake liko Khuldabad, jirani kabisa na Ellora. Nilisimama pale nikajisikia fahari kubwa.

Chapa_Lapa (saa 12:41 jioni)
Kama ni historia yetu, basi Murud-Janjira. Ngome ya Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, katikati ya bahari, Wamaratha waliishambulia tena na tena wasiitie mkononi. Wale ni watu wetu wa pwani, Waswahili.

Msomi_wa_Deccan (saa 12:55 jioni)
Hapana, hapo nakupinga. Watawala wa Janjira walihesabiwa Wahabeshi, asili ya Ethiopia. Wenye asili ya Kibantu ni wengi zaidi kwa Wasidi wa Gujarat, upande wa Gir na Ratanpur, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha hivyo. Ngoma zao ukizisikia unajua. Usiwachanganye.

Chapa_Lapa (saa 1:08 usiku)
Karne zote zile za biashara na majahazi, utawatenganisha vipi Mhabeshi na mtu wa pwani? Mchanganyiko upo.

BintiPangani (saa 1:20 usiku)
Mchanganyiko upo, lakini aliyosema Msomi ndiyo yaliyoandikwa. Dola ya Janjira ilidumu hadi 1948 ilipoungana na India. Ila Julai msimpeleke, bahari inachafuka na madau ya kutoka Rajapuri hayavuki.

Kange_Mjini (saa 2:15 usiku)
Nimewasoma wote. Hapa ndani sasa tumegawanyika. Mimi nataka Lohagad kwa treni ya alfajiri. Mke wangu, tangu asome habari ya Malik Ambar, hataki kusikia kitu kingine zaidi ya Khuldabad. Mahabaleshwar na Kalsubai tumeziweka pembeni kwa sasa. Msomi, hoteli ya Aurangabad inayojaza Fomu C kwa bei ya kawaida inapatikana? Na basi la vitanda, cha chini ni bora au cha juu?

Mzizima77 (saa 2:22 usiku)
Cha chini, na cha katikati ya basi. Nyuma mnarushwa usiku kucha.

Msomi_wa_Deccan (saa 2:40 usiku)
Hoteli zinazopokea wageni wa nje ni nyingi kwa sababu ya Ellora na Ajanta, hasa karibu na stesheni ya reli. Piga simu hata hivyo.

Mtoto_wa_Lushoto (saa 3:02 usiku)
Samahani kuingilia. Hayo madau ya Janjira huanza tena lini? Na sisi tuna wiki ya mapumziko mwezi wa kumi.

BintiPangani (saa 3:09 usiku)
Kwa kawaida mvua zikiisha, bahari ikitulia. Oktoba mtavuka, ila mfike asubuhi, upepo wa mchana huleta mawimbi kwenye lango la kushukia na watu wanashuka kwa kushikwa mkono.