Walimu wa msingi: rejesta ina watoto 96, nitajuaje nani anasonga na nani amekwama?

ChakiNaVumbi

Wakuu habari za jioni. Nafundisha darasa la tatu shule ya serikali huku Kanda ya Ziwa, Kiswahili na Hisabati. Rejesta ina majina 96. Hawaji wote kila siku, lakini hata wakija 80 dawati moja linakaa wanne.

Kila mwisho wa mwezi tunatoa mtihani. Nasahihisha, napanga wa kwanza hadi wa mwisho, mwalimu wa taaluma anabandika kwenye ubao wa matangazo. Mwezi unaofuata aliyekuwa wa 88 anakuwa wa 85. Amesonga, au kuna wenzake watatu hawakuja siku ile? Nikitazama 34 yake ya Hisabati sijui kama hajui kutoa kwa kukopa, au hakuweza kusoma swali lenyewe, au alikuja na njaa.

Sasa mwalimu mkuu anataka kila mwalimu wa darasa apeleke orodha ya watoto wa ufundishaji rekebishi, yaani wa kufundishwa upya walichokwama. Nikikata chini ya 50 naondoka na zaidi ya nusu ya darasa, na hiyo si rekebishi tena, ni darasa jingine. Naomba uzoefu wenu: nipime nini, mara ngapi, nani aingie kwenye hiyo orodha na atoke lini? Na nifanye hivyo bila kulala na madaftari kitandani. Tafadhali msiniambie nipunguze idadi ya wanafunzi, hilo haliko mikononi mwangu.

BibiMstaafu

Mwanangu, pole na kazi. Huo mtihani wa mwezi uache ufanye kazi yake ya kubandikwa ukutani. Wewe mwite mtoto mezani akusomee.

Andaa karatasi moja ngumu yenye sehemu tano: herufi, silabi, maneno, aya fupi, na hadithi yenye maswali mawili matatu. Mwanzishe kwenye aya. Akisoma vizuri mpandishe kwenye hadithi, akishindwa mshushe kwenye maneno, akishindwa tena silabi, mpaka ufike mahali anaposimama mwenyewe. Wengi mnaifahamu njia hii, ndiyo ya wale vijana wa Uwezo, ule utafiti wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na majaribio ya kiwango cha darasa la pili. Chimbuko lake ni India, shirika la Pratham. Kila mtoto humchukui hata dakika tatu.

Uzuri wake ni kwamba ukiandika "silabi" mbele ya jina, kesho unajua umfundishe nini. Ukiandika 34 hujui.

Usimalize darasa zima siku moja, utachoka na watoto wa mwisho utawaonea. Chukua kumi kumi wakati wengine wananakili zoezi. Tena meza ikae mbali na foleni. Watoto wanasikiliza wenzao, na wa nane akifika kwako ameshakariri hadithi yote.

PengoLaMshahara

Bibi shikamoo, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli. Tuna azimio la kazi, andalio la somo, shajara, rejesta, fomu za uji, na sasa karatasi ngumu ya sehemu tano. Afisa akija anataka kuona andalio limejazwa. Pale kwenye tathmini sote tunaandika "somo limeeleweka kwa asilimia 80". Nani aliwahi kuhesabu hiyo 80? Mimi ningeanza kwa kufuta karatasi mbili kabla ya kuongeza ya tatu.

ChakiNaVumbi

Shikamoo Bibi, asante sana. @PengoLaMshahara kaka hapo kwenye asilimia 80 umenichekesha, juzi nimeandika hivyo hivyo na kengele ilikuwa haijalia.

MkwajuKilifi

Salamu kutoka Kenya, walimu. Kwetu mradi wa Tusome, wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, ulipoanza 2015, wale maafisa wa mtaala wanaotembelea shule walipewa tableti. Afisa akifika darasani alikuwa anakaa nyuma anamtazama mwalimu akisomesha, kisha anaita wanafunzi watatu mmoja mmoja wamsomee. Mimi nilichokiiga ni kuwa watatu hao si wa kuchaguliwa na mwalimu. Ukiniachia nichague nitakupa wale wale wanaorukaruka na mkono juu.

Kwa hivyo nina mkebe wa vijiti, kila kijiti kina jina. Nikiuliza swali hakuna kunyoosha mkono, navuta kijiti. Mwanzo walinuna hasa wale hodari. Lakini ndani ya somo moja napata picha ya darasa ambayo mikono haikunipa mwaka mzima.

MamaNamba

Wote mmekimbilia kusoma, ngoja niitetee Hisabati. ChakiNaVumbi, mwisho wa kipindi wape swali moja tu, moja, kwenye kipande cha karatasi. Usisahihishe. Panga marundo.

Mfano 52 − 27. Mtoto wa kwanza ameandika 35. Huyu hajakosea kwa bahati mbaya, anatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3. Ukimpa mazoezi ishirini atakosa yote ishirini kwa kanuni yake hiyo. Mrudishe kwenye vijiti, mafungu ya kumi na mmojammoja, afungue fungu kwa mikono yake. Wa pili ameandika 79, amejumlisha. Huyo mwonyeshe alama tu, pengine alikuwa akipiga soga. Wa tatu ana 24. Kukopa anajua, kilichomponza ni kuhesabu 12 toa 7 kwa vidole. Anahitaji mazoezi ya haraka ya namba ndogo, si somo la kukopa upya.

Kwenye mtihani wa mwezi hawa watatu wote wana X nyekundu, na ukiwaweka kundi moja la rekebishi ukawafundisha kukopa, umemsaidia mmoja na nusu. Mimi orodha yangu ya rekebishi haina neno "dhaifu". Ina kosa, na chini ya kosa majina. Kosa likiisha jina linatoka. Yuko mtoto wangu wa pili darasani kwa wastani na bado anaingia kwenye orodha ya kusoma saa, kwa sababu saa haijui.

Marundo ya karatasi 80 hayamalizi muda wa chai. Kwa sababu husahihishi, unapanga tu.

PengoLaMshahara

Hii ya marundo nimeikubali. Nitajaribu kwa siri, wasije wakaitengenezea fomu.

MtaalumaNyanda

Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa muda, niongeze kuhusu swali la "aingie lini, atoke lini", maana hapo ndipo tunapobahatisha zaidi.

Kwanza usiwapime wote sawasawa. Darasa zima lipime mwanzo wa mwaka, katikati na mwisho, kwa ile karatasi ya Bibi. Wa kati wasikilize mara moja kwa mwezi. Walio chini kabisa, hao ndio wa kila wiki. Mwalimu akisema atapima 96 kila wiki ataacha wiki ya pili.

Kwa hao wa kila wiki kuna utaratibu wa zamani uliotengenezwa na Stanley Deno na wenzake Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hauhitaji umeme. Mtoto anasoma aya kwa dakika moja, unahesabu maneno aliyoyasoma sahihi. Siku ya kwanza mpe aya tatu tofauti, uchukue namba ya katikati, kwa sababu moja inaweza kukudanganya. Tuseme ni 12. Unataka baada ya wiki 12 afike 36. Kwenye karatasi ya grafu weka nukta kwenye 12, nyingine kwenye 36, piga mstari kwa rula. Kila wiki aya mpya ya ugumu ule ule, nukta mpya. Nukta nne mfululizo zikianguka chini ya mstari, badilisha unavyomfundisha. Nne mfululizo zikiwa juu, pandisha lengo. Zikichezacheza huku na huku, endelea, usishike kitu.

Angalieni sheria hiyo inamhukumu nani. Nukta zikiwa chini haisemi mtoto ni mzito. Inasema msaada unaompa haufanyi kazi, leta mwingine: kundi dogo zaidi, silabi badala ya maneno, au asome na mwenzake kila asubuhi. Tumezoea kumweka mtoto rekebishi Februari akatoka Novemba, tukaita hiyo ni kumsaidia.

Na msichukue namba za Waingereza mkazipachika kwetu. "Hawatatuambia" kwetu ni neno moja, wao wanatumia matano. Mtoto wa Kiswahili atasoma maneno machache kwa dakika na bado akawa msomaji mzuri.

Hasara ya Kiswahili ni kwamba kinasomeka kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kuteleza juu ya aya nzima kama kasuku. Dakika ikiisha muulize maswali mawili. Akishindwa, kasi yake isikufurahishe.

MzaziTu

Samahani mimi si mwalimu, nimepita tu. Mwanangu yuko darasa la nne, na mwaka huu wana ule upimaji wa taifa. Kila mwezi analeta nafasi: wa 40, wa 52. Nikiuliza ameshindwa nini hakuna anayenijibu, wananiambia "aongeze bidii". Bidii ya nini? Kwani lazima majina yabandikwe nje?

MtaalumaNyanda

@MzaziTu swali zuri. Ruth Butler alilijaribu huko Israel, matokeo yalitoka 1988. Kundi moja la wanafunzi walirudishiwa kazi na alama tu, jingine maelezo tu ya nini kirekebishwe, la tatu vyote viwili. Waliosonga ni wa maelezo tu. Waliopata vyote viwili walifanana na wa alama tu, kwa sababu mtoto akiiona alama hasomi kilichoandikwa chini yake. Ukienda shuleni usiulize nafasi. Muulize mwalimu: "Ni kitu gani kimoja hajakiweza ambacho wiki hii nimsaidie nyumbani?" Akishindwa kujibu, mwombe akae na mtoto dakika mbili mbele yako.

PengoLaMshahara

Tutapigwa maswali na wazazi sasa. Asante mkuu 😂

ChakiNaVumbi

Nimeandika karibu kila kitu kwenye kaunta buku. Mpango wangu: karatasi ya Bibi kwa darasa zima kidogo kidogo, swali moja la Hisabati baada ya mada, grafu kwa wale wa herufi na silabi peke yao. Mwalimu mkuu nitampelekea orodha yenye kosa na majina, akikataa nitaleta mrejesho.

Nina mawili yamebaki. Kuna mtoto ambaye najua hata nikimchorea grafu atabaki chini, tangu darasa la kwanza yuko hivyo. Na hao wa silabi ni wengi, nikiwatenga wenzao watawaita majina.

BibiMstaafu

Huyo mmoja, kabla ya grafu, msimamishe nyuma ya darasa umwoneshe neno ubaoni. Kisha simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Utashangaa wangapi "wazito" ni macho na masikio. Ukiona dalili, mwite mzazi waende hospitali ya wilaya, na wakati huo akae dawati la mbele. Tazama na rejesta, ukute siku za mnada hayupo kabisa.

Kuhusu majina, ongea na mwalimu wa la nne na wa la tano. Nao wana wa silabi, wanaona haya kusema. Saa moja kwa siku wachanganyeni madarasa yote matatu kwa kiwango, kila mwalimu achukue kiwango kimoja. Mtoto wa la nne akikaa na wa la tatu hakuna wa kumcheka, maana kila mtu amehama. Ila mhakikishe watu wanahama kweli. Kundi ambalo hakuna anayetoka watoto watalipa jina ndani ya wiki, hata mkiliita Twiga.

MkwajuKilifi

Na hao wa silabi msiwape mwalimu mgeni au wa mazoezi. Mpeni aliye bora.

ChakiNaVumbi

Sawa Bibi. Ombi la mwisho, mwenye aya ya kupimia anisaidie, vitabu vyetu wameshavikariri.

MamaNamba

Nimekutungia hii, ina maneno 53. Ukitunga nyingine fuata urefu huo huo.

*Juma ana mbuzi mmoja. Mbuzi wake anaitwa Cheupe. Kila asubuhi Juma humpeleka malishoni. Siku moja mvua kubwa ilinyesha. Cheupe aliogopa radi akakata kamba. Alikimbia hadi shambani kwa Bibi Neema. Alikula mahindi mengi. Bibi alikasirika sana. Juma alimwomba radhi bibi. Kesho yake Juma alimsaidia bibi kupalilia shamba. Bibi akacheka, akampa mahindi mawili ya kuchoma.*

Maswali: Kwa nini Cheupe alikata kamba? Kwa nini Juma alikwenda kupalilia? La pili halijaandikwa wazi, hapo ndipo utamjua anayeelewa na anayetamka tu.

MtaalumaNyanda

Nzuri. Radi na radhi ziache zote mbili, anayebahatisha kwa kutazama herufi ya kwanza utamkamata hapo. Ila kwa wa huko kwenu wasio na "dh" nyumbani, akisema "razi" akaelewa maana, mhesabie amepata.