Walijuaje Wajapani wako wangapi kisiwani kabla ya kuvamia?

Mwana_Ujiji: Wakuu habari za jioni, jana hapa kijiweni Ujiji tumebishana mpaka kahawa ikaisha, hivi vita ya pili ya dunia Wamarekani walijuaje adui yuko wapi kisiwani kabla ya kushusha askari? Satelaiti si hazikuwepo?

Baharia wa Kibirizi: Ndege za kupiga picha mkuu, na nyambizi Nautilus ilipiga picha ufukwe kupitia periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji. Kule kisiwa cha Betio, Tarawa, bahari ya Pasifiki, Novemba 1943, waliona vyoo vya Wajapani vimejengwa juu ya maji basi wakahesabu matundu wakakisia idadi ya watu 😂 na hawakukosea sana, walikuwepo karibu 4,800 pamoja na vibarua Wakorea. Kilichowaponza ni maji, boti zilitaka kina cha kama futi 4 juu ya matumbawe, siku hiyo maji yakagoma kujaa, zikanasa, askari wakashuka wakatembea mita mia kadhaa kifuani maji huku bunduki za rashasha zinawamwagia. Hapa Kibirizi boti ikikwama unalaumu nahodha tu, kule walikufa.

dada_wa_Tabora: Na picha hazioni chini ya ardhi jamani. Kisiwani Iwo Jima 1945 jenerali wa Kijapani Kuribayashi alichimba mahandaki ya kilomita nyingi, mabomu yakapigwa zaidi ya miezi miwili, wakubwa wa Marekani wakategemea vita iishe kwa siku chache, ikaenda siku 36.

Mwana_Ujiji: Duh, vyoo! Sasa baada ya Tarawa hawakujifunza?

Baharia wa Kibirizi: Walijifunza, wakaanza kutanguliza waogeleaji wapime kina na kulipua vizuizi.