Tupeane uzoefu: kukausha tumbaku mvua isipokatika

Mama Kulwa
Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Niko Urambo, ndani ndani huku. Huu ni msimu wangu wa kwanza kusimamia mwenyewe bani, jumba la kukaushia tumbaku kwa moto, tangu mzee atutoke. Zamani kazi yangu ilikuwa kutunga majani kwenye fito na kuwapikia wachumaji. Leo ni siku ya tatu mvua haijakatika. Nilipakia juzi jioni, majani ya katikati ya mche, na mengine yaliingia na maji ya mvua maana tungeyaacha yangeharibikia shambani. Nimetoka mle ndani sasa hivi. Ile harufu ya nyasi mbichi imeondoka, imekuja nyingine ya uchachu. Harufu hiyo imenirudisha mwaka mmoja tulipotoa bani zima limeoza, mzee akakaa juu ya ndoo mpaka giza likaingia hajasema neno. Mliokausha kwenye mvua kama hii, mlifanyaje? Semeni yote, mazuri na mabaya.

Kijana wa Sikonge
Uchachu. Naijua hiyo harufu. Niko Dar mwaka wa kumi na moja huu lakini umenikumbusha mbali, dada.

Afisa Ugani Mstaafu
Mama Kulwa, kwanza tujue majani yamefikia wapi. Manjano au bado kijani? Na kipimajoto unacho?

Mama Kulwa
Ninacho, kinasoma nyuzi 36. Ncha na kingo zimekuwa manjano, ila pembeni ya mshipa wa kati bado kijani.

Mzee wa Fito
Funga matundu yote ya hewa, chochea moto. Mvua haibembelezwi. Sisi Kaliua tulikuwa tunasukuma magogo tanurini mpaka mabomba ya moto mle ndani ya bani yanakuwa mekundu.

Afisa Ugani Mstaafu
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Ukifunga na kuchochea wakati jani limejaa maji unalichemsha, litatoka jeusi kama mchicha uliosahaulika jikoni.

Mzee wa Fito
Mchicha huo umenisomeshea watoto wanne. Baba yangu alifika Urambo enzi za mashamba ya karanga ya Mwingereza. Karanga zikagoma, tumbaku ikashika. Tumeijua kabla hamjaja na vipimajoto vyenu.

Bukoba Mvua
Mimi sijawahi kuona bani, ila unyevu naujua, kwetu Kagera mvua haina likizo. Babu alikuwa na miche kumi na miwili nyuma ya migomba, ya kiko chake tu. Majani alikuwa anayafunga kwa kamba za mgomba, matano matano, anayaning'iniza kwenye uchaga juu ya mafiga. Moshi wa maharage, moshi wa ndizi, kila siku, kama miezi miwili hivi. Yanatoka kahawia, laini, anayasokota kama kamba na kuyaficha kwenye kibuyu.

Kisha wanawe wakamjengea nyumba ya bati, jiko likahamia nje. Akaning'iniza majani yake chumbani, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Wiki mbili tu. Ukungu ulianzia pale uzi unapobana kikonyo, mweupe kama unga wa muhogo, ukashuka na mshipa. Babu alikaa mlangoni anafuta jani moja moja kwa kitambaa, akimaliza la mwisho la kwanza limeota tena. Yote yakaenda shimoni. Mwaka uliofuata alirudi kwenye jiko la zamani na tumbaku yake, akawa analala huko huko.

Mngoni wa Namtumbo
Huyo babu ni wa kwetu! Nyie wa tumbaku ya mvuke, ya mabomba ya moto, mnateseka bure. Sisi Ruvuma tumbaku yetu ni ya moshi, moto wa chini chini sakafuni, jani linakula moshi lenyewe na ukungu haupati nafasi. Ila sitawadanganya, bibi yangu macho yalikuwa mekundu msimu mzima.

Omokuria
Mnaongea bani tu. Kuna mtu amekumbuka kuchuma majani yakiwa na maji? Huku Migori nilikuwa darasa la sita, tukaamshwa saa kumi na mbili, umande na manyunyu, mimi na shati la shule pekee. Nilikuwa nabeba majani kwapani. Kufika saa nne dunia inazunguka, mate yanajaa mdomoni, nikatapika mpaka nyongo. Mama akasema ni malaria, nikapewa dawa ya malaria. Kesho yake nikarudi shambani, nikatapika tena. Ni miaka mingi baadaye nilipokuja kujua kwamba nikotini inapita kwenye ngozi, na jani likilowa ndiyo inapita haraka zaidi. Mama Kulwa, hao waliokuchumia mvuani walivaa nini?

Mama Kulwa
Mmoja alisema kichwa kinamuuma, nikampa chai. Sikujua. Kesho naomba makoti ya mvua kwa shemeji.

Omokuria
Hata mifuko ya mbolea iliyotobolewa shingo na mikono ni afadhali. Na wakishuka shambani wanawe kwa sabuni, wabadilishe nguo. Watoto wasishike kabisa.

Chunya Kwetu
Mimi nina neno la mbele kidogo. Dada, ukishatoa bani, jani likiwa kavu linavunjika. Acha mlango wazi usiku mmoja, hewa ya mvua italilainisha lenyewe. Usije ukanyunyiza maji.

Tabora Asilia
Kidogo si mbaya. Kila mtu ananyunyiza, mizani nayo inataka kitu.

Chunya Kwetu
Kila mtu nani? Mwaka mmoja jirani yangu alinyunyiza mtumba wake, yaani robota la majani makavu, ukawekwa ghalani juu ya wangu. Wiki tatu mbele mteuzi wa madaraja anachana mitumba, ndani kumeota ukungu, na wangu wa chini yake umepata joto umebadilika rangi. Nilishushwa madaraja mawili kwa kosa la mtu mwingine.

Tabora Asilia
Si ungeuweka kwako.

Chunya Kwetu
Kwangu kulikuwa kunavuja. Usinijibu hivyo, niliuguza mtoto mwaka ule kwa hela ya kukopa.

Kijana wa Sikonge
Nilitaka nipite tu lakini usingizi umekataa.

Nilikuwa darasa la tano. Bani letu lilikuwa la matofali mabichi na paa la nyasi, na mvua ya Machi ilishavuja upande mmoja mpaka fito tatu zikaoza vichwa. Baba aliziona wakati wa kupakia. Akasema zitavumilia mpakio huu mmoja. Ulikuwa usiku wa tano, tuko kwenye kukausha mshipa wa kati wa jani, hatua ya mwisho, moto ndiyo umekolea, na baba hakuwa amelala siku tatu. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa amelala mbele ya tanuri, juu ya gunia la mbolea, kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyokuwa kavu na yenye joto pale nyumbani. Mliokulia kwenye mabani mnaijua sehemu hiyo. Tulichoma viazi pale, tuliandika homuweki pale.

Nilisikia fito likikatika. Halafu kimya. Jani kavu likiangukia bomba halipigi kelele. Kilichoniinua ni mwanga. Mvua inanyesha na nyasi za paa zinawaka kutokea ndani, matone yakigusa moto yanachachatika kama mafuta ya maandazi. Mama alinipita hana hata kanga, akamshika mdogo wangu mguu, akamburuta kwenye tope kama anaburuta mtumba. Boriti ya mlango ikaanguka pale pale alipokuwa amelala. Lile gunia lilikuwa limeshashika moto, likamyeyukia begani.

Baba alitaka kuingia. Majirani wawili walimkalia kifuani. Hakulia. Alikuwa anataja idadi ya fito, "mia nne na kumi, mia nne na kumi", mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi zilibaki kuta nne na mabomba yaliyojikunja. Deni la pembejeo lilibaki vilevile kwenye daftari la chama cha ushirika. Tulilipa kwa misimu miwili, mahindi na ng'ombe wetu wawili. Hata hapa Dar mvua ikipiga bati naamka kuangalia jiko.

Bukoba Mvua
Mungu wangu.

Mngoni wa Namtumbo
Pole sana ndugu yangu. Nimeshindwa kuendelea na nilichokuwa naandika.

Omokuria
Na mdogo wako?

Tabora Asilia
Ndiyo, tuambie mdogo wako yuko wapi.

Kijana wa Sikonge
Yupo. Yuko Tabora mjini, fundi cherehani, ana watoto wawili. Mkono ule haupandi kupita bega. Hajawahi kuniuliza habari za usiku ule. Na mimi sijawahi kumwambia kwamba aliyemtandikia lile gunia ni mimi.

Chunya Kwetu
Ulimtandikia mdogo wako mahali pakavu. Mpigie simu kaka.

Mzee wa Fito
Pole mwanangu. Na mimi niliwahi kupoteza bani, miaka ya nyuma sana, sikutaka kulitaja. Mama Kulwa, niliyosema kuhusu mabomba mekundu yaache. Ingia sasa hivi kabla joto halijapanda, kamata kila fito kwa mkono, tikisa. Linalolia au kubonyea litoe. Kama una wavu wa kuku, tandaza juu ya mabomba, uache nafasi kati ya wavu na bomba. Jani likianguka linakaa juu ya wavu unaliona.

Afisa Ugani Mstaafu
Hapo mzee umesema. Mama Kulwa, nisikilize sasa. Jani bichi ni maji karibu sehemu nane au tisa katika kumi, na yote yatatokea kwenye matundu. Hiyo harufu ni maji yaliyokosa njia. Usiogope kwamba nje kuna mvua, hewa ya mvua ikishapita kwenye bomba la moto inakuwa na kiu, itanywa maji ya jani na kutokea juu. Fungua matundu ya juu nusu, ya chini upana wa vidole viwili. Joto lipande taratibu, nyuzi moja kwa saa, usiruke. Ukifika 45 hadi 48 shikilia mpaka kijani chote kiishe na ncha zianze kujikunja. Kisha 50 hadi 55 jani likauke. Mshipa tutaongea ukifika huko, lakini hata ukitaka kwenda haraka usipite 74.

Mama Kulwa
Nimeelewa. Naingia na tochi. Nitarudi.

Tabora Asilia
Chunya Kwetu, nisamehe kwa lile neno. Sikujua habari ya mtoto.

Chunya Kwetu
Yamepita. Amepona, yuko kidato cha pili.

Mama Kulwa
Saa kumi na moja alfajiri. Fito mbili zilikuwa mbovu, moja kule juu kabisa karibu na paa, niliibonyeza kwa kidole gumba ikaingia. Nimeyagawa majani yake kwenye fito nyingine. Wavu wa kuku nimeubomoa kwenye banda, kuku wako sebuleni. Kulwa na Doto walikuwa wameshajikunyata mbele ya tanuri, nimewabeba mmoja mmoja nikawalaza kitandani kwangu, na gunia lao nimelitupa nje. Joto 42. Kijani kimebaki uzi mwembamba kwenye mshipa. Uchachu umepungua, kuna harufu inaanza kama ya asali. Mvua bado inanyesha. Nimeketi na moto wangu, mwenye kuwa macho aniandikie.

Kijana wa Sikonge
Niko macho, dada.