Boga kubwa Duluth: kibanda cha nailoni, waya wa kupasha udongo, au uwanjani tu?

Mtani_Duluth
Wakuu, mwakani nataka kuotesha boga la kubebwa kwa winchi. Tatizo ni hapa nilipo, Duluth, Minnesota: hadi mwisho wa Mei jalidi bado inaweza kupiga, na Septemba ikarudi. Atlantic Giant, aina ya boga la mashindano, inataka siku 120 hadi 130 tangu mbegu iingie udongoni, kwa hiyo joto lazima nilinunue. Niko kati ya matatu: kibanda cha nailoni kinachofunika mmea wote, waya wa umeme wa kupasha udongo pamoja na kijibanda cha kuanzia, au kukuza mche ndani na kuutoa Juni, basi. Mfuko sio mnene.

Babu_wa_Anchorage
Waya, kijana wangu. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mizizi inagoma, hata juu kukiwa na jua zuri. Mwanga hautakusumbua. Huku Alaska Juni mchana unafika saa 19, ndiyo maana mkulima Dale Marshall aliweza kupima boga la kilo 974 kwenye maonyesho ya Palmer mwaka 2022. Ukitandaza nailoni nyeusi kwenye tuta mapema Mei na waya chini yake, umepata mwezi mzima wa bure.

DadaNyambura
Sikubali moja kwa moja. Rekodi ya dunia ya sasa, kilo 1,278.8, ni ya pacha wa Paton wa Lymington, Uingereza, mwaka 2025, nao wanalima ndani ya kibanda. Kabla yao kulikuwa na Travis Gienger wa Anoka, jimbo lako hilohilo, kilo 1,247 mwaka 2023. Ila Anoka si Duluth, ninyi mnapulizwa na Ziwa Superior kiangazi chote. Ningekuwa wewe ningefunika.

Kamau_Edmonton
Dada, kufunika ni kwa mwenye hela na muda. Mmea mmoja unatambaa mita za mraba 60 na zaidi. Mchana wa jua kali kibanda kinapita nyuzi 35 na vitunda vichanga vinadondoka, kwa hiyo ongeza feni. Unyevu ukituama, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unameza majani. Nyuki nao hawaingii, japo hilo si hoja kubwa kwa sababu wa mashindano wote tunachavusha kwa mkono: unalifunga ua jike jioni kabla halijafunguka, alfajiri unachuma madume mawili matatu na kulipaka chavua, kisha unalifunga tena. Lenga mapema Julai, tunda likiwa mita 3 au 4 kutoka shinani. Mengine yote kata, libaki moja. Matawi fukia vifundo vyake yatoe mizizi. Likishika kasi linaweza kuongeza kilo 20 kwa siku, na hapo hakuna usiku wa kusahau maji.

Uwanjani bila chochote? Utapata boga la supu.

Mzalendo_Njombe
Nawasoma tu huku nacheka. Na mbegu je? Kisha majani mnakula?

DadaNyambura
Mbegu ni nusu ya vita. Aina hii aliikuza Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia. Pakiti ya dukani inaweza kukupa kubwa au la kawaida. Wakulima wa mashindano huuziana mbegu zilizoandikwa uzito wa boga lililozizaa, jina la mkulima na mwaka. Mtani, punguza kwenye vifaa, usipunguze kwenye mbegu. Nyama ya boga hili ni ya maji, haina utamu.

Mtani_Duluth
Majani ndiyo yananitia hofu. Mama mkwe anakuja Julai, na seveve, mboga ya majani ya boga, haimpiti.

Babu_wa_Anchorage
Mpandie boga la kawaida upande wa pili wa nyumba na umwonyeshe siku ya kwanza tu. Kila jani linalochumwa kwenye lile kubwa ni kilo zimeondoka.

Mtani_Duluth
Haya, naenda na waya na kijibanda, na mbegu yenye ukoo. Waya unazimwa lini?

Babu_wa_Anchorage
Udongo ukishika nyuzi 20 usiku bila msaada. Chomeka kwenye soketi yenye kikata umeme cha usalama, maana utakuwa unamwagilia juu yake.